Mwosha na Masaa Kumi na Saba

Akiingia nyumba ya msiba, swali lake la kwanza halikuwa marehemu kafa saa ngapi wala aliumwa nini. Alivua ndala mlangoni, akatua ndoo yake chini, akauliza: "Nani hayupo?"

Watu walikuwa wanashtuka. Mtu analia, kamasi zinamtoka, anaulizwa nani hayupo! Mwisho mmoja anajikaza, anasema hayupo mtoto wa pili, yuko Tunduma. "Tunduma masaa mangapi?" Wanamtajia. Anatazama kivuli cha ukuta uani, maana saa hakuwahi kuvaa mkononi, halafu anatoa hukumu palepale mbele ya wafiwa: "Huyo anawahi." Au: "Huyo hawahi. Chemsheni maji."

Sie wa Yombo Vituka, huku Dar, tulimwita Mwosha, ila mbele yake tulimwita Bibi. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, hapa mtaani na Buza, na hata Tandika walikuwa wanamfuata. Mie ni mwanamke fundi cherehani. Sanda haishonwi, lakini inakatwa, na yeye alisema mkono wa fundi unakata umenyooka. Basi akanichukua. Kwa miaka mingi nilikuwa namkatia sanda, na baadaye nikawa namshikia kata ya maji. Jina langu alilijua vizuri tu, lakini aliniita Fundi mpaka mwisho.

Kwa Mwosha, dunia yote ilipimwa kwa masaa. Tanga ni masaa sita. Mtwara ukitoka alfajiri unafika jioni. Mwanza kwake ilibaki siku mbili, Mwanza ya barabara ile ya zamani, na tulipomwambia siku hizi kuna ndege ya saa moja na nusu alituona wapuuzi. "Ndege ya mawaziri hiyo," alisema. "Huyu mtoto wa marehemu ni waziri?" Na kwetu ndege zinapita chinichini mpaka bati linatetemeka. Ikipita, Mwosha alinyamaza katikati ya neno, akangoja, halafu akaendelea palepale alipoachia. Hakuwahi hata mara moja kuinua uso kuitazama.

Msinifikirie namsifia mtu aliyekuwa malaika. Alikuwa na mdomo, jamani! Alipenda harusi kuliko walioolewa wenyewe. Unamkuta leo kafunga kanga kiunoni anamwosha marehemu, kesho yuko mbele kabisa kwenye ngoma ya bibi harusi, kavaa dhahabu mpaka kwenye vidole vya miguu, anakata kiuno. Watu wengine walikuwa hawapendi kumwalika, wanaona mkosi, mwosha maiti kuwa karibu na mwali. Alikuja hivyo hivyo. "Mmenisahau kwenye kadi," anasema anapoingia, "lakini nimewasamehe." Halafu anakula pilau sahani mbili.

Kwenye chumba cha kuoshea alikuwa mtu mwingine kabisa. Sauti inashuka. Hataki kilio mle ndani, anayetaka kulia akalie uani, na anayetaka kuzimia akazimie kwao. Simu ndiyo alikuwa anaichukia kuliko vyote. Mlangoni aliweka beseni dogo la bluu, na kila mwanamke anayeingia anaacha simu yake humo. Siku moja simu moja ikalia ndani ya beseni, muziki wa singeli, tena kwa sauti ya juu, na mwenyewe mikono yake imejaa majani ya mkunazi hawezi kuizima. Tulibana midomo tusicheke mbele ya maiti. Mwosha alitoka, akalibeba beseni zima, akaenda kuliweka kwenye banda la kuku.

Na maji. Nikimkumbuka namkumbuka kwa maji. Aliyajaribu kwa upande wa ndani wa mkono, pale juu ya kiganja, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Yakiwa ya baridi hamwagi. Mke wa mtu mmoja aliwahi kuleta ndoo imetoka bombani moja kwa moja, akasema, "Bibi, si maiti huyo, atajua nini?" Mwosha alimtazama mpaka yule dada akageuka mwenyewe na ndoo yake. "Yatiwe moto," alisema. "Ana baridi ya kumtosha huyu." Sikuwahi kumwona akivunja sharti hilo, hata siku ambazo kuni zimelowa na wanaume wanagonga mlango kwamba wakati wa swala umefika.

Mama yangu alipofariki ilikuwa asubuhi. Kaka yangu alikuwa Guangzhou, Uchina, anafuata mzigo wa duka lake la Kariakoo. Akapiga simu huku analia, amepata ndege, anaunganisha Addis, tumngoje mpaka kesho mchana. Mjomba alikuwa anataka kukubali, mie nilishakubali moyoni zamani. Mwosha akaingia, akavua ndala. Nani hayupo? Masaa mangapi? Akatazama kivuli cha ukuta.

"Hawahi."

"Bibi, kesho mchana tu," nilimwambia. "Nakuomba. Ni mtoto wa kiume pekee."

Akanishika mkono. "Fundi, mama yako hana anachongoja. Anayengoja ni wewe. Chemsha maji."

Tukamzika mama baada ya alasiri. Kesho yake kaka akaja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, begi mkononi, na ule mto wa kulalia kwenye ndege bado umemkaa shingoni, amesahau kuuvua. Akasimama katikati ya mikeka, sie tunakunywa chai ya msiba. "Yuko wapi?" Mwosha ndiye aliyeinuka.

"Tumeshamstiri, baba. Pole."

"Nimekaa juu ya bahari najua mnaningoja," kaka alisema. "Usiku kucha najua mnaningoja. Nani alisema msiningoje?"

"Mimi."

Tangu siku hiyo kaka hakumpa shikamoo. Mtu mzima, tena mwenye adabu zake, anapita mbele ya bibi kizee aliyekaa kibarazani kwake na anatazama mbele. Kwetu hilo ni tusi kubwa, na mtaa mzima ulilijua. Mwosha naye kila kaka alipopita alimwitikia: "Marahaba, baba!" Anaitikia shikamoo ambayo hakupewa. Watu walicheka, wakidhani anamchokoza, na mie nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Sijawahi kumsikia akiomba radhi, na sijawahi kumsikia akikosa kuitikia.

Kiwanja cha pili kutoka kwake alikuwa akikaa mama mmoja Mhaya, karani mstaafu, Mkristo. Walikuwa wanataniana kwa ukuta, huyu anatupa maganda ya ndizi, yule anatuma salamu mbaya. Yule mama alipofariki, walimweka mochwari zaidi ya wiki wakimngoja binti yake atoke Marekani, ndipo wamsafirishe kwenda Bukoba. Mwosha aliwaka. "Wanamweka kwenye friji kama kibua! Mtu aliyekuwa anaogopa hata feni!" Alisema maneno hayo sokoni, msikitini, mpaka saluni. Lakini siku walipomleta nyumbani kuagwa, alivaa buibui lake akaenda. Mie nilikuwa nyuma yake. Tukamwona yule binti akishuka kwenye gari, akapita katikati ya watu, akainama akaweka shavu lake kwenye shavu la mama yake. Akakaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyemwondoa.

Tulivyorudi Mwosha alikataa chai. Alikaa kibarazani, ndege ikapita, akanyamaza, ikaisha, na bado akanyamaza.

"Fundi, wale walimngoja?"

"Walimngoja, Bibi."

"Haya."

Hakuwaponda tena wale majirani. Na mie sikuuliza, maana nilijua anamfikiria nani.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti yake yuko Kanada, mji unaitwa Edmonton. Mwosha alitamka Edimontoni, na alipenda kulitamka. Kazi ya binti ni kutunza wazee kwenye nyumba yao, kuwaogesha, kuwavalisha. "Mie naogesha wasiosema," Mwosha alikuwa anajisifu, "yeye anaogesha wanaotukana." Miaka ilikuwa imekwenda hawajaonana. Binti aliomba karatasi za kuishi kule moja kwa moja, na hazikuwa zimetoka. Akivuka mpaka kabla hazijatoka, mlango unafungwa nyuma yake, harudi tena. Hilo Mwosha alitueleza wote, na sote tulilielewa.

Kwa Mwosha alikuwepo mpangaji, dada msusi, msichana mchangamfu asiyeachana na simu. Siku moja nimekwenda kumpima Mwosha gauni la Idi, nikamkuta anamwambia, "Hebu niangalizie humo. Toka uwanja wetu wa ndege mpaka wa kwa mwanangu, ni mbali kiasi gani?"

Dada msusi akaandika, akasubiri. "Kilomita elfu kumi na nne na kitu, Bibi! Weee!"

"Kilomita sizijui. Masaa."

"Masaa kumi na saba."

"Kumi na saba?"

"Ndivyo inavyosema."

Nikaitazama ile simu kwa juu ya bega lake. Kweli imeandikwa kumi na saba. Lakini ilikuwa imechukua umbali ikagawa kwa mwendo wa ndege, kama vile ipo ndege inayoruka pale Dar mpaka Edmonton bila kutua njiani. Haipo ndege hiyo. Unaunga huku, unaunga kule, unalala kwenye viti vya uwanja wa watu, na siku mbili zinakatika. Nikamtazama Mwosha, amenyoosha mikono nimpime, uso umemng'aa. Nikaendelea kupima kiuno.

Akaitangaza hiyo kumi na saba mtaa mzima. Kumi na saba tu! Hata Mwanza ya zamani ilikuwa mbali zaidi! Aliyekuja kumsalimia aliambiwa, muuza mkaa aliambiwa, imamu aliambiwa. "Nikifa asubuhi," alisema, "anapanda palepale, na kesho yake kabla ya adhuhuri mtoto kafika. Mnanizika adhuhuri. Mtashindwa kuningoja mpaka adhuhuri, nyie, kwa yote niliyowafanyia?" Watu wanasema tutakungoja Bibi, tutaachaje kukungoja. Kaka yangu alipozisikia habari hizo alicheka kicheko kibaya. "Kumbe kuna maiti wanaongojwa," alisema.

Mie iliniuma. Mwanamke niliyemwona akipima watu masaa bila huruma, leo anadanganywa na simu ya msusi, na sie wote tunamwitikia.

Kisha miguu ikaanza kumvimba. Moyo, walisema hospitali. Akaacha kuosha, nikawa naosha mie, na kila nikirudi ananiuliza maji yalikuwaje. Akawa halali chali, analala ameegemea mito. Siku moja mchana nilikuwa naye chumbani, nimemletea uji, binti akapiga. Mwosha aliweka sauti nje, akailaza simu juu ya mto.

"Mama, naacha," binti alikuwa analia. "Naacha kila kitu, nakuja wiki hii. Karatasi na zikae."

"Uache nini, we mtoto? Una wazimu?"

"Nikikukosa je?"

"Utanikosaje? Masaa kumi na saba, mwanangu. Si bara jingine hilo, ni usingizi mmoja. Mie nikiondoka watakupigia, utapanda, na watu wote hapa wamekubali kuningoja. Utaniosha wewe mwenyewe. Fundi yupo hapa anasikia. Si ndio, Fundi?"

Nikakaa na kijiko cha uji mkononi.

"Ndio," nikasema.

"Kweli, dada?"

"Kweli."

Binti akatulia. Tukamsikia anapumua, halafu anapenga kamasi, halafu akaanza kuuliza mambo ya dawa. Simu ilipokatika nilishindwa kujizuia.

"Bibi," nikamwambia, "hiyo ndege haipo. Masaa kumi na saba hayapo. Yule dada alisoma tu kilichoandikwa."

Alinitazama kama alivyomtazama yule mwenye ndoo ya maji ya baridi.

"Kwani mie mtoto, Fundi? Alivyoondoka si nilimsindikiza mwenyewe? Aliondoka Ijumaa. Nimekuja kumsikia Jumapili, nimekaa na simu kifuani siku zote hizo, siogi wala sili. Najua ni masaa mangapi. Nimelijua hilo kabla ya huyo msusi kuzaliwa na simu yake."

"Sasa mbona unamwambia...?"

"Nikimwambia hawahi, atakuja sasa hivi. Akija sasa hivi karatasi zinapotea, na yale yote aliyokaa kule, kuogesha wazee wa watu, yanamwagika. Nikimwambia anawahi, atakaa." Akapumzika, pumzi hazikuwa zikimtosha. "Ndiyo maana nimewaambia wote. Asije akapiga kwa mtu mmoja akasikia lingine."

Nikaanza kulia. Nililia waziwazi, na safari hii hakunifukuza niende uani.

"Na siku yenyewe?" nikamuuliza.

"Siku yenyewe mnanizika alasiri, kama watu wote. Nimewazika mama zenu bila kungoja, leo mie ningojwe? Nitamtazamaje kaka yako?"

"Nitamwambia nini binti yako, Bibi?"

"Mwambie Mwosha amesema hawahi. Asikae juu ya bahari anajua namngoja." Akanyamaza. Nikadhani kuna ndege inapita, nikasikiliza, hakuna ndege. "Halafu, Fundi. Simu zote weka kwenye beseni. Hiyo ya kuongea naye usiweke. Ingia nayo."

"Ndani?"

"Iweke dirishani. Picha hapana, sitaki anione vile. Sauti tu. Asikie maji."

"Shekhe atasemaje?"

"Sijamuuliza. Na wewe usimuulize."

Aliondoka asubuhi, siku ya kawaida tu, dada msusi amekwenda kumpelekea chai akamkuta. Mie nilipofika nilivua ndala mlangoni, nikatua ndoo, na kabla sijajua ninachofanya mdomo ukauliza wenyewe: "Nani hayupo?" Wanawake wote wakainamisha vichwa.

Uani kulikuwa na mtu amechuchumaa anapuliza kuni chini ya sufuria la maji. Alikuwa kaka yangu. Hakuniambia neno, macho mekundu, nikajisemea ni moshi. Jeneza lilipotoka baadaye alikuwa bega la mbele, lakini mie ninachokumbuka ni pale kwenye kuni, jinsi alivyokuwa anapuliza.

Nikapiga simu. Kwao ilikuwa usiku, akapokea mara ileile, kama aliyekuwa amekaa nayo mkononi. Nikamwambia. Akalia, halafu nikamsikia anakurupuka, anafungua makabati. "Napanda, dada. Natafuta tiketi sasa hivi. Mnisubiri, masaa kumi na—"

"Mama yako amesema huwahi," nikamwambia.

Nikasikia kabati linafungwa.

"Amesema lini?"

"Siku ileile uliyoniuliza. Alijua tangu mwanzo, mdogo wangu. Alitaka ukae."

Sitasema alilia namna gani. Nilimngoja. Wanaume walikuwa wanagonga mlango, nikawaambia waende zao. Alipoanza kunisikia tena nikamweleza lile la dirisha, akasema sawa, kwa sauti ndogo sana.

Nikaingia na simu. Mwenzangu mmoja akainua macho, akaitazama, akainamisha. Nikaiweka dirishani. Nikachota maji, nikainua kata juu ya upande wa kulia wa Mwosha.

"Dada," simu ikasema.

"Nipo."

"Maji yana moto?"

Nikashusha kata. Nikajaribu kwa upande wa ndani wa mkono, pale juu ya kiganja. Yalikuwa yamepoa wakati tunaongea. Nikagonga mlango, nikampa kaka ndoo, akaenda nayo mbio, akairudisha inafuka. Nikachanganya, nikajaribu tena.

"Sasa yana uvuguvugu," nikasema.

Akavuta pumzi kule aliko.

"Haya," akasema. "Mmwagie."